Wenzako wa Hisa Si Chama Chako

Siku hizi mwalimu wa sekondari aliye Mbita na mwendesha boda boda wa Kondele wanaweza kumiliki hisa za kampuni moja iliyosajiliwa Ujerumani na kuuzwa New York, na wasionane maisha yao yote. Wamenunua kwa programu ya simu, pesa zimetoka M-Pesa, na kabla wiki haijaisha wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram lenye mamia ya watu walioshika hisa hizo hizo. Humo ndimo wanamopata habari, moyo na, mara nyingi, uamuzi. Kampuni zenyewe hufanana: ni za teknolojia, bado zinapata hasara, na zina ahadi ya kesho yenye mvuto wa kweli.

Ninawaandikia wanahisa hao wadogo wa Kisumu na ufuo wote wa ziwa, kutoka Usenge hadi Sindo. Siwaambii watoke. Watu wetu walikaa nje ya soko la hisa kwa muda mrefu mno, wakidhani ni mambo ya Nairobi na ya wenye tai. Tangu Agosti 2025 Soko la Hisa la Nairobi linaruhusu mtu kununua hata hisa moja, badala ya kuanzia mia moja kama zamani, na kijana wa Nyalenda akianza na shilingi mia tano namuunga mkono. Ninachotaka kuzungumzia ni wenzake: namna ya kuishi na watu mlionunua kitu kimoja, ili wakufae.

Sisi tumelelewa na vyama. Mama wa Kibuye ana nyoluoro yake, yaani kikundi cha kuchangiana kwa zamu, wavuvi wa Dunga wana kamati yao ya ufuo, mwalimu ana sacco. Katika chama pesa ziko mahali pamoja, daftari ni moja, na mwenzako akisema "tuvumilie", anaumia pamoja nawe mpaka mwisho. Mazoea hayo tumeyabeba mazima mazima tukayaingiza katika makundi ya wanahisa, na hapo ndipo tunapoumia. Kundi la wanahisa halina hazina ya pamoja. Kila mmoja ana akaunti yake, ana bei yake aliyonunulia, na anaweza kuuza saa yoyote bila kuaga. Isitoshe, ili mmoja auze ni lazima mwingine anunue. Yule anayekuhimiza saa nne usiku uongeze hisa huenda anaamini kila neno analosema. Huenda pia anatafuta wa kuzipokea zake kesho asubuhi. Huna njia ya kujua, naye halazimiki kukuambia.

Kwa hiyo kundi lako lipime kwa jambo moja: je, linakuletea ushahidi au linakuletea faraja? Watu mia tatu wakisoma hesabu za kampuni pamoja wataona mengi kuliko mtu mmoja. Watu hao hao wakitiana moyo tu, watazama pamoja, na aliyeuza mapema hatawaaga.

Chukua Jumia, duka la mtandaoni ambalo wengi wetu tunalijua kwa macho. Tumeagiza simu au blenda, tukaenda kuchukua mzigo kituoni mjini. Hisa zake zilianza kuuzwa New York tarehe 12 Aprili 2019 kwa dola 14.50. Siku hiyo hiyo zilifunga zaidi ya dola 25, na wiki chache baadaye zilikaribia 50. Iliitwa Amazon ya Afrika. Mwezi Mei kampuni ya Marekani iitwayo Citron Research, ambayo biashara yake ni kupata faida pale bei ya hisa inaposhuka, ikatoa ripoti ya kuishutumu Jumia kwa udanganyifu. Mwezi Agosti Jumia yenyewe ikatangaza kwamba imegundua oda zisizo halali zilizopitia kwa baadhi ya mawakala wake wa mauzo. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imefunga biashara Kameruni na Tanzania. Machi 2020 hisa ilikuwa chini ya dola 3. Kisha corona ikawafungia watu nyumbani, ununuzi wa mtandaoni ukapata sifa mpya, Citron ile ile ikageuka ikaanza kuisifu Jumia, na Februari 2021 bei ikavuka dola 60. Miaka miwili baadaye ilikuwa chini ya 5. Mwaka 2025 ilishuka chini ya dola 2 mwezi Aprili, kisha ikapita 10 kabla ya mwaka kwisha.

Soma tena huko kupanda na kushuka, ujiulize ungekuwa wapi. Aliyenunua kwa dola 40 mwaka 2019 angeambiwa na wenzake avumilie, na angekuwa na wiki chache tu za kuonekana ana akili, mapema mwaka 2021. Aliyenunua kwa dola 60 mwaka 2021 kwa kuwa kundi zima lilikuwa linashangilia angehitaji bei ipande mara kumi na mbili ili arudishe pesa zake baada ya kushuka hadi 5. Hesabu hii watu wengi huikwepa: hisa ikishuka kutoka 100 hadi 20 imepoteza asilimia 80, lakini ili irudi 100 sharti ipande mara tano. Kupanda asilimia 80 hakutoshi hata kidogo.

Mambo muhimu yalikuwa wazi kwa aliyetaka kuyaona, na la kwanza lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Waraka wa kampuni wa kuuza hisa kwa umma ulisema kwamba kufikia mwisho wa 2018 hasara zilizojilimbikiza zilikuwa yuro milioni 862. Waraka huo unasomwa bure kwenye tovuti ya SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani. Sisemi kwamba hasara hiyo ilitosha kumfanya mtu akimbie. Kampuni kubwa kadhaa za leo zilianza kwa hasara. Nasema mwanahisa anayebishana usiku kucha kuhusu bei bila kuujua mzigo huo anabishana gizani.

Jambo la pili lililokuwa wazi ni nani alikuwa akiuza. Rocket Internet ya Ujerumani na MTN ya Afrika Kusini walikuwa ndani ya Jumia tangu enzi za mwanzo. Wote wawili waliuza hisa zao mwaka 2020. Mwekezaji mkubwa akiuza huwa ana sababu zake, pengine anahitaji pesa kwa kazi nyingine, na hilo si kosa. Lakini hisa zile zilinunuliwa na watu, na miongoni mwa watu hao huenda walikuwemo wadogo. Mtu akikuambia kundini kwamba wanaouza ni wanyonge wa moyo, mwulize ni nani hasa ameuza, kiasi gani, na lini. Katika masoko yanayosimamiwa vizuri taarifa za wamiliki wakubwa na wakurugenzi hutangazwa. Mpe mwenzenu mmoja kazi ya kuzifuatilia kila mwezi.

Jambo la tatu ndilo wanahisa wadogo hulielewa kwa kuchelewa kuliko yote: hisa mpya. Kampuni inayopata hasara haiishi kwa hadithi. Inaishi kwa pesa iliyo benki, na pesa hiyo ikipungua hukopa, hupunguza wafanyakazi, au huuza hisa mpya. Agosti 2024 Jumia iliuza hisa mpya zaidi ya milioni 20 huko New York, ikapata karibu dola milioni 100. Kabla ya hapo zilikuwa takriban milioni 101. Maana yake ni hii: kampuni ilipata pumzi, na mtu aliyekuwa anamiliki sehemu sita sasa alibaki na sehemu tano, ingawa simu yake ilionyesha idadi ile ile ya hisa. Hakuibiwa chochote. Ila kama mpango wake ulikuwa "kampuni ikirudi thamani yake ya zamani, na bei itarudi ya zamani", mpango huo haukuwa sahihi tena, kwa sababu thamani ile sasa inagawanywa kwa hisa nyingi zaidi.

Hesabu ya kufanya ni ya darasa la sita. Tafuta katika taarifa ya robo mwaka pesa ambazo kampuni inazo, kisha tafuta pesa inazotumia kupita inazoingiza katika miezi mitatu. Gawanya. Kampuni yenye dola milioni 60 na inayoteketeza milioni 10 kila robo ina mwaka na nusu. Kabla ya mwaka na nusu huo kwisha itabidi ije kuomba pesa, na wewe mwenye hisa utalipa kwa njia moja au nyingine. Andika mwezi huo kwenye kalenda. Halafu tazama idadi ya hisa mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi. Ikiwa inaongezeka kila mwaka, hakuna grafu itakayokuokoa na ukweli huo. Mwisho, tafuta maneno ya mkaguzi wa hesabu: akiandika kwamba kuna mashaka makubwa kama kampuni itaweza kuendelea na biashara, hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika kitabu kizima, hata kama yamefichwa ukurasa wa tisini.

Kuna kishawishi kingine kinachotupata sisi tunaoishi karibu na biashara yenyewe. Tunaona foleni kituoni, tunaona pikipiki za mizigo Barabara ya Oginga Odinga, tunasema kampuni inakwenda vizuri. Macho yako ni ushahidi halali, na mchambuzi wa New York hana macho hayo. Lakini ni ushahidi wa Kisumu peke yake. Jumia inafanya biashara pia Nigeria, Misri, Moroko na kwingineko. Naira iliposhushwa thamani Juni 2023, na pauni ya Misri Machi 2024, mauzo ya nchi hizo yakigeuzwa kuwa dola yalisinyaa hata pale ambapo wateja hawakupungua. Hakuna foleni ya Kisumu ambayo ingekuonyesha hilo.

Na wewe mwenyewe una sarafu yako ya kuangalia. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu 130. Aliyenunua hisa ya Marekani dola ikiwa juu kabisa, akauza miezi sita baadaye kwa bei ile ile ya dola, alipoteza karibu moja ya tano ya pesa zake za Kenya. Makundi mengi hayazungumzii hili kabisa, kwa sababu grafu zao zote ni za dola.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kwetu kuna mfano ambao haukumbukwi inavyostahili. AccessKenya, kampuni ya kuunganisha intaneti, iliuza hisa kwa umma mwaka 2007 kwa shilingi 10, ikawa ya kwanza ya sekta hiyo katika soko la Nairobi. Bei ikapanda ikavuka shilingi 20. Hadithi ilikuwa kwamba Kenya nzima itaingia mtandaoni, na hadithi hiyo ilitimia neno kwa neno. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, bei ya intaneti ikaanguka, washindani wakajaa, na hisa ya AccessKenya ikateremka chini ya zile shilingi 10 za mwanzo. Mwaka 2013 Dimension Data ya Afrika Kusini iliinunua kampuni yote kwa shilingi 14 kwa hisa, ikaondolewa sokoni. Aliyenunua kwa 25 akiamini itarudi hakupewa tena muda wa kungoja. Teknolojia ilishinda, mwanahisa huyo alishindwa. Katika kundi lako, mtu akieleza kwa ufasaha namna dunia itakavyobadilika, mpigie makofi, kisha mwulize swali lililobaki: faida ya mabadiliko hayo itaingia mfukoni mwa nani, na kwa nini iwe kampuni hii?

Neno "vumilia" lina heshima kubwa kwetu, na mfano unaotolewa kila mara ni Safaricom. Ni kweli. Hisa iliuzwa shilingi 5 mwaka 2008, ikaingia sokoni Juni, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 4. Waliokata tamaa waliuza kwa hasara. Waliobaki waliiona ikivuka 40 mwaka 2021, kisha wakaiona ikishuka chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Lakini upande huu wa magharibi tuna mfano wa pili unaouma. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliingia sokoni 2001, na wakulima wengi wa miwa walinunua hisa za kiwanda walichokilisha. Ilikuwa na hadithi nzuri za teknolojia pia: umeme wa mabaki ya miwa kuanzia 2009, ethanoli kuanzia 2012. Walioshika hisa waliambiwa wavumilie, nao walivumilia. Septemba 2019 benki iliyokuwa ikiidai iliiweka chini ya mrasimu, biashara ya hisa ikasimamishwa, bei ya mwisho ikiwa senti 27.

Watu wa Safaricom na watu wa Mumias walikuwa na uvumilivu ule ule. Tofauti ilikuwa katika hesabu. Safaricom ilikuwa ikipata faida na kulipa gawio katika miaka yote ile ambayo bei yake ilidorora. Mumias ilitangaza hasara mwaka wa fedha wa 2013, ikaendelea na hasara mwaka baada ya mwaka. Na kampuni ikifilisika, mwenye hisa husimama mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya benki, wafanyakazi na serikali. Mara nyingi foleni haimfikii. Basi ukiombwa uvumilie, omba uonyeshwe unavumilia nini.

Ninakushauri uandike kwenye karatasi, siku unayonunua, mambo matatu au manne: kwa nini nimenunua, kitu gani kikitokea nitauza, nitatazama tena lini, na kiasi ambacho sitakipita hata bei ikishuka vipi. Hili la mwisho lina uzito wake. Makundi hupenda kusema "ongeza ikishuka, wastani wako utapungua". Wastani utapungua kweli, lakini pesa zako zilizo hatarini zitakuwa zimeongezeka, katika kampuni ambayo jana umeonyeshwa kwamba huielewi vizuri kama ulivyodhani. Ongeza kwa sababu ya jambo jipya ulilolisoma katika hesabu. Bei kushuka peke yake si jambo jipya kuhusu kampuni.

Karatasi hiyo iwe yako peke yako. Usitangaze kundini una hisa ngapi. Sababu ya kwanza ni usalama, katika mji ambamo watu wanajuana. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: ukishatangaza kwamba una hisa elfu mbili, unageuka wakili wa kampuni bila kulipwa. Habari mbaya ikija unaikanusha kabla hujaisoma, kwa kuwa aibu ya kuuza mbele ya watu imekuwa nzito kuliko hasara yenyewe. Nimeona watu wenye akili wakishikilia hisa kwa sababu hiyo tu, na inanisikitisha, maana walikuwa na uwezo kamili wa kuamua vema wakiwa peke yao.

Ukitaka kujua afya ya kundi, tazama linavyomtendea mwenye mashaka. Akiuliza kuhusu deni akaitwa adui na kuondolewa, hapo hakuna la kujifunza. Zima arifa zake au toka. Mwaka 2020 wanahisa wadogo wa Nikola, kampuni ya Marekani iliyoahidi malori ya umeme na haidrojeni, waliwatukana waandishi wa ripoti ya Hindenburg Research kwa kuwa nao walikuwa wakipata faida bei ikishuka. Ni kweli walikuwa na maslahi. Ni kweli pia kwamba lori lililoonyeshwa kwenye video likikimbia barabarani lilikuwa limeachiwa liteleze mteremkoni. Mwanzilishi alipatikana na hatia ya udanganyifu Oktoba 2022, ingawa Machi 2025 rais wa Marekani alimsamehe. Kampuni yenyewe ilifilisika Februari 2025. Mwenye nia mbaya anaweza kusema kweli. Kundi lenye busara lingempa mwanachama mmoja, kila robo mwaka, jukumu la kusoma ripoti mpya na kutoa hoja zote za kuuza, na wengine wamsikilize hadi amalize.

Kundi la namna hiyo lina nguvu ambazo mtu mmoja hana. Kwa kampuni zilizo katika soko la Nairobi, mwenye hisa moja ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka, au kumteua mwakilishi. Tangu 2020 kampuni nyingi hufanya mikutano hiyo mtandaoni, kwa hiyo aliye Homa Bay hana tena kisingizio cha nauli. Maswali hutumwa mapema. Kaeni pamoja, mchague matatu, myaandike kwa adabu na kwa takwimu za kurasa zao wenyewe: pesa zilizopo zitatosha hadi lini, mna mpango wa kutoa hisa mpya, kwa nini wadaiwa wameongezeka kuliko mauzo. Kwa hisa za nje ulizonunua kwa programu, uliza kama unayo haki ya kupiga kura au jina lililoandikwa ni la kampuni nyingine inayozishika kwa niaba yako.

Kuhusu pesa ya kununulia, nitasema kwa ukali kidogo. Usikope. Mwaka 2008 watu wengi walichukua mikopo ya benki kununua hisa za Safaricom. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, wengi wakapewa sehemu ndogo tu ya walizoomba, na riba ikawa inadaiwa wakati wanangoja kurudishiwa pesa zao. Leo mkopo uko kwenye simu ile ile yenye hisa, na kutoka Fuliza, mkopo wa M-Pesa, hadi kitufe cha kununua ni hatua moja. Pia angalia msimu wako. Uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai. Familia inayoishi kwa omena ikiweka akiba ya miezi hiyo katika hisa inayoruka, itauza Mei kwa bei yoyote itakayoikuta, kwa sababu unga na karo havingoji. Akiba ya msimu ikae kwenye sacco au benki. Hisa za ahadi zipewe pesa ambayo ikipotea yote, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Wapo pia wanaopita sokoni na makundini wakiuza "hisa" za kampuni ya teknolojia ambayo eti itaingia sokoni mwakani. Sheria ya kampuni ya Kenya ya 2015 inasema kampuni binafsi isiwe na wanachama zaidi ya 50, wala isialike umma kununua hisa zake. Anayekuuzia hisa za kampuni binafsi kwenye kundi la watu mia nne tayari amejieleza. Kuuza hisa kwa umma kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya madalali na majukwaa yenye leseni iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Tafuta jina wewe mwenyewe, usikubali picha ya cheti. Na palipo na malipo ya kuleta watu wapya, usikae hata dakika moja.

Hata dalali mwenye leseni anahitaji kuangaliwa. Machi 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja wakagundua kwamba hisa zao zilikuwa zimeuzwa bila ruhusa yao. Hisa zako za Nairobi zimeandikwa katika akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kuhifadhi hisa. Omba taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya CDSC, ambayo ndiyo hutunza kumbukumbu hizo, uilinganishe na anayokupa dalali. Kwa programu za hisa za nje, pata jina la dalali wa nje anayezishika na uthibitishe kwamba anasimamiwa huko kwao.

Jambo la mwisho ninalokuomba ufanye wiki hii halihusu bei. Andika nambari ya akaunti yako ya CDS, jina la dalali, jina la programu na barua pepe uliyojisajilia, uviweke pamoja na hati zako za shamba. Mwonyeshe mume, mke au mtoto mkubwa. Gawio na hisa zisizo na mwenyewe hupelekwa baada ya miaka kadhaa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na humo zimo za watu waliofariki bila familia kujua kwamba walikuwa nazo. Kama baba yako alinunua hisa mwaka 2008 na hukuwahi kuona gawio, tafuta jina lake kwa mamlaka hiyo. Kudai ni bure; atakayekuomba ada ili akudaie, mkatalie.